Mafuta ya Mtoto na Oili ya Injini: Pipa Moja, Safari Mbili

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya kitu kilichomo karibu katika kila nyumba ya Mpanda, lakini ambacho ni nadra sana kukifikiria. Kwenye rafu ya duka la dawa ipo chupa ya mafuta meupe ya kumpaka mtoto mchanga. Ni maangavu kama maji, na hayana harufu ila ile ya manukato waliyoyatia watengenezaji. Hatua chache kutoka hapo, chini ya mwembe, fundi wa pikipiki anamwaga oili iliyokwisha kazi, nyeusi kama masizi ya chungu. Ukimwambia mama mwenye mtoto kwamba vitu hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja, atadhani unamfanyia mzaha. Lakini ndivyo ilivyo. Vyote viwili vimetoka katika mafuta ghafi, tena katika sehemu ile ile ya mafuta ghafi.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya mazoea ninayoyaona katika mkoa wetu wa Katavi. Oili chafu inapakwa kwenye nguzo za nyumba ili kuzuia mchwa. Lakini oili hiyo hiyo inapakwa pia kwenye kidonda cha maksai, kwenye upele wa mbuzi, na wakati mwingine kwenye mapunye ya mtoto wa shule. Ukiuliza, unajibiwa: "Mbona hata mafuta ya kujipaka yanatoka kwenye petroli?" Hoja hiyo ni ya mtu anayetumia akili, wala si ya kuchekwa. Ina kasoro moja tu, na kasoro hiyo ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Mafuta ya madini ni nini?

Tuanze na jina. Alizeti, karanga na mawese hutupa mafuta ya mimea. Samli ni mafuta ya mnyama. Yale yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini wataalamu huyaita mafuta ya madini. Kwa jina hilo hawakusudii petroli wala dizeli, ambazo ni za kuchoma. Wanakusudia mafuta mazito kiasi, yasiyowaka upesi, ambayo kazi yake ni kulainisha, kupooza, kuzuia umeme usivuje na kulinda ngozi. Ndiyo yaliyomo katika oili ya injini, katika grisi, katika transfoma na katika chupa ile ya mtoto.

Tofauti kubwa baina ya mafuta ya alizeti na mafuta ya madini ni kwamba ya alizeti ni chakula. Tumbo huyasaga na mwili ukayatumia. Mafuta ya madini si chakula. Hata yawe safi namna gani, yakiingia tumboni karibu yote hupita tu na kutoka. Ndiyo maana yale yaliyosafishwa kabisa hutumika hospitalini kulainisha choo.

Mafuta ghafi yenyewe yalitokana na viumbe wadogo wadogo wa majini waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, wakafunikwa na matope chini ya maziwa na bahari, kisha wakapikwa na joto la ardhini. Kwa sababu hiyo mabonde ya ufa kama yetu huwavutia watafutaji. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba visima viwili katika Bonde la Rukwa, kimoja Ivuna na kingine Galula, isipate mafuta ya kuchimbwa kibiashara. Wenzetu wa Uganda walifanikiwa katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006.

Mafuta hayo ya Uganda yanatupa somo la kwanza. Bomba lililopangwa kuyaleta kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko Tanzania. Katavi halifiki, njia yake inapita jirani zetu wa Mkoa wa Tabora. Bomba hilo limebuniwa liwe la kupashwa joto, ili mafuta yakae kwenye nyuzi 50 hivi. Kwa nini? Kwa sababu yana nta nyingi, na yakipoa huganda kama samli asubuhi ya baridi. Basi tusidhani mafuta ghafi ni kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa maelfu ya vitu: vyepesi kama petroli, vizito kama lami, tena nta, salfa, chumvi na maji.

Wakemia wakiyachunguza mafuta haya huona vitu vya aina tatu kubwa, vyote vikiwa vimejengwa kwa kaboni na haidrojeni. Aina ya kwanza ni minyororo. Ikiwa minyoofu na mirefu sana, ndiyo nta. Ya pili ni pete zilizoshiba haidrojeni, ambazo ni tulivu. Ya tatu ni pete zenye njaa ya haidrojeni, ndugu zake benzini. Pete za aina hii ya tatu zikiunganika nne, tano au zaidi pamoja, baadhi yake huweza kusababisha saratani. Naomba uzikumbuke pete hizi, msikilizaji, kwa maana ndizo zinazofukuzwa katika safari yote iliyobaki.

Minara miwili

Kazi ya kwanza kiwandani ni kuyaosha mafuta ghafi kwa maji ili chumvi itoke, kwani chumvi hula mabomba. Kisha mafuta hupashwa moto katika tanuri hadi kiasi cha nyuzi 350 na kuingizwa chini ya mnara mrefu wa chuma. Anayejua jinsi gongo inavyopikwa hatapata taabu kuelewa yanayoendelea humo, nami simtaji mtu. Chungu kinachemka, mvuke unapanda, unapita kwenye mrija uliopozwa, unarudi kuwa kimiminika. Tofauti ni kwamba mpika gongo anatafuta kitu kimoja tu, lakini mnara huu una sakafu nyingi, na kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyopungua. Mvuke wa petroli, ulio mwepesi, hupanda hadi karibu na kileleni ndipo upoe. Wa mafuta ya taa hupoa chini yake, na wa dizeli chini zaidi. Kila kundi lina bomba lake la kutokea.

Chini kabisa ya mnara hubaki uji mzito, mweusi, usiokubali kugeuka mvuke. Mafuta ya madini tunayoyatafuta yamo ndani ya uji huo. Tatizo ni kwamba ukiuzidishia moto hauchemki vizuri, bali unaungua: chembe zake hupasuka na kuacha makaa. Wahandisi walihitaji njia ya kuuchemsha bila kuuongezea moto, na njia hiyo akina mama wa Sumbawanga wanaijua, ingawa wao inawaudhi.

Kule juu Ufipa maharage huchelewa kuiva kuliko Dar es Salaam. Sababu yake ni kwamba unapopanda mlima, uzito wa hewa iliyo juu yako hupungua, na maji huchemka mapema, kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Yanachemka kweli, lakini hayana moto wa kutosha. Kinachomwudhi mama wa Sumbawanga ndicho kinachomfaa mhandisi. Ule uji hupelekwa kwenye mnara wa pili, ambao hewa yake imenyonywa karibu yote. Humo mafuta mazito huchemka kabla ya kuungua. Mvuke wake ukipozwa hupatikana mafuta ya unene mbalimbali, mepesi kama ya cherehani na mazito kama ya gia. Kinachobaki chini safari hii ni kile kinachofaa kutengenezea lami ya barabara.

Magunzi ya mahindi kiwandani

Ungedhani kazi imekwisha. Bado kabisa. Mafuta yanayotoka katika mnara wa pili yana rangi, yananuka, na zile pete mbaya bado zimo. Kuyapaka ngozini siku baada ya siku ni kujitafutia maradhi. Kuanzia hapa kila hatua ni ya kuondoa.

Kwanza huondolewa pete. Hutumika kimiminika kinachoyeyusha pete za aina ya tatu na kuziacha nyingine. Kimojawapo, ambacho kimetumika kwa miaka mingi, huitwa fafurali. Na hapa mkulima wa Mpanda atege sikio: fafurali hutengenezwa kutokana na magunzi ya mahindi na makapi ya miwa. Ni magunzi yale yale tunayowashia moto jikoni. Fafurali ni nzito kuliko mafuta, hivyo humiminwa juu, ikateremka ndani ya mafuta huku ikizibeba pete njiani. Mwisho yanakuwapo matabaka mawili yasiyochanganyika. Tabaka la mafuta hutengwa, na fafurali husafishwa ili itumike tena.

Pili huondolewa nta. Mafuta yenye nta hayafai, maana asubuhi ya baridi yangeganda ndani ya injini. Basi huchanganywa na kiyeyushi, hupozwa sana mpaka nta igande vipande vipande, kisha huchujwa kwa kitambaa, kama tunavyochuja togwa. Nta hiyo haitupwi. Ndiyo mishumaa tunayowasha umeme unapokatika.

Tatu huja haidrojeni. Mafuta hupitishwa pamoja na gesi hiyo, kwa joto na mkandamizo mkubwa, juu ya punje zenye metali kama nikeli. Zile pete zenye njaa ya haidrojeni ambazo zilinusurika hatua ya kwanza sasa hulishwa zikashiba, zikageuka kuwa tulivu. Papo hapo salfa na nitrojeni huondolewa, na rangi na harufu navyo hutoweka. Zamani kazi hii ilifanywa kwa asidi kali ya salfa, kisha mafuta yakachujwa kwenye udongo maalumu. Njia hiyo nayo ilifaa, lakini iliacha matope ya asidi ambayo hakuna aliyejua pa kuyatupa.

Njia panda

Hapa sasa ndipo ndugu wawili wanapoagana. Mafuta yatakayokuwa oili ya injini yakishasafishwa vya kutosha kwa kazi ya chuma, huitwa mafuta ya msingi, nayo hupelekwa kwenye kiwanda cha kuchanganyia. Huko hutiwa dawa: za kuosha masizi, za kuzuia kutu, na misombo ya zinki ya kuzuia vyuma visilane. Dawa hizo ni rafiki wa injini, si rafiki wa ngozi ya mtu.

Mafuta ya mtoto hayaendi huko. Yanarudishwa kwenye haidrojeni mara nyingine, kwa nguvu zaidi, mpaka pete za aina ya tatu ziwe zimekwisha karibu zote. Kisha hupimwa. Kipimo kimoja ni kuyatikisa pamoja na asidi kali ya salfa iliyo katika joto. Kama upo uchafu uliosalia, asidi hubadilika rangi ikawa kahawia, na mafuta hayo hayaruhusiwi kuwa dawa. Kipimo kingine ni kuyamulika kwa mwanga wa urujuanimno, ule wa jua usioonekana kwa macho. Pete zikiwamo, hata kidogo, humeza mwanga huo na chombo huonyesha.

Zingatia hapo, ndugu msikilizaji. Vipimo vimewekwa kwa sababu jicho halitoshi. Mafuta mawili yanaweza kuwa meupe sawasawa, moja likamfaa mtoto na jingine lisimfae hata kidogo.

Pengine utauliza kama kazi hii imepata kufanyika kwetu. Sehemu yake imefanyika. Mwaka 1963 kiwanda cha kusafishia mafuta kilianza kazi Changamwe, Mombasa, na mwaka 1966 kikafuata cha TIPER, Kigamboni, kilichojengwa kwa ubia na Waitaliano. Viwanda hivyo vilitoa hasa petroli, mafuta ya taa, dizeli na mafuta mazito ya matanuri. Kigamboni kiliacha kusafisha karibu na mwaka 2000, pakabaki kuwa mahali pa kuhifadhia mafuta yaliyokwisha safishwa kwingine. Changamwe nacho kiliacha mwaka 2013. Kwa hiyo mafuta ya msingi huja kwa meli kutoka ng'ambo, na yanapofika Mpanda yamekwishapita mikono mingi. Kila mkono ni nafasi ya mtu kufungua pipa na kuchanganya.

Kisa cha kitu cheusi kilichotakata

Sasa turudi kwa yule anayesema, "Mbona mafuta ya kujipaka nayo yanatoka kwenye petroli?" Nitamjibu kwa visa viwili vya kweli.

Mwaka 1859 kijana mmoja mkemia, Robert Chesebrough, alikwenda Titusville, huko Pennsylvania, Marekani, ambako mafuta yalikuwa yameanza kuchimbwa. Aliwakuta wafanyakazi wakikwangua utando mweusi ulioganda kwenye vyuma vya pampu na kujipaka walipokatwa au kuungua. Yaani walifanya vile vile tufanyavyo sisi. Chesebrough hakuwacheka. Aliuchukua utando ule, akakaa nao miaka kadhaa akiupika na kuuchuja hadi ukawa mweupe. Mwaka 1872 alipata hataza, na bidhaa yake aliiita Vaseline. Faida yake kubwa kwa ngozi ni kuifunika isikauke na isiingiliwe na uchafu. Basi wale wafanyakazi hawakukosea walipoona kwamba kitu kile kinafunika kidonda. Kilichobaki kilikuwa kusafisha, na kusafisha kulichukua miaka.

Kisa cha pili ni cha huzuni. Katika viwanda vya kusokota pamba vya Lancashire, Uingereza, wanaume walifanya kazi wakiegemea mashine ambazo zilirusha matone ya oili kwenye suruali zao, kwenye kinena. Oili ile ilikuwa haijasafishwa vizuri. Mwaka 1922 madaktari wa Manchester waliandika kwamba wasokotaji wengi walikuwa wakipata saratani ya ngozi ya korodani. Haikumpata mtu siku ya kwanza wala mwaka wa kwanza. Ilikuja baada ya miaka mingi ya kuloa. Ilikuwa mwaka 1953 ndipo kanuni za serikali zilipoamuru mashine hizo zitiwe mafuta meupe yaliyosafishwa, au ya mimea, au ya wanyama. Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa, au yaliyosafishwa kidogo, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Yale yaliyosafishwa sana hayamo katika kundi hilo.

Umeona sasa kasoro ya ile hoja? Asili ni moja, lakini asili haitoshi kukuambia kama kitu ni salama. Kinachoamua ni kilichoondolewa humo.

Oili chafu inarudi nyuma

Oili iliyotumika ina hatari yake pia, maana inasafiri kinyumenyume. Iliingia katika injini ikiwa imesafishwa. Ikizunguka humo, joto na moto wa petroli huzalisha upya zile pete mbaya, nazo huingia ndani ya oili pamoja na masizi na unga wa vyuma vilivyolika. Ule weusi ndio huo. Panya waliopakwa oili ya namna hiyo katika majaribio walipata uvimbe wa saratani ngozini. Basi mtu anayempaka mtoto oili chafu kichwani anachukua kile ambacho kiwanda kilitumia minara miwili, fafurali na haidrojeni kukiondoa, anakirudisha juu ya ngozi ya mwanawe. Mapunye ni ugonjwa wa fangasi, nao una dawa yake katika zahanati.

Kuna wengine wanaokwenda mbali zaidi, wakayafikisha mafuta haya jikoni. Kenya na hapa Tanzania wizi wa mafuta ya transfoma umeripotiwa mara nyingi, na imeelezwa kwamba baadhi huishia kwenye makarai ya chipsi, kwa sababu hayaishi upesi kama ya alizeti. Bila shaka hayaishi upesi, kwani si chakula. Tena transfoma za zamani ziliweza kuwa na kemikali ziitwazo PCB, ambazo zimepigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu ya sumu yake. Mafuta hayo ni meupe au ya manjano, mazuri kwa macho. Anayeiba hutuachia giza mtaani, kisha hutuuzia ugonjwa kwenye sahani.

Asiyeamini kwamba oili ya mashine inaweza kuingia katika chakula cha umma akumbuke Morocco. Mwaka 1959, hasa katika mji wa Meknes, wafanyabiashara walichanganya mafuta ya kula na oili ya injini za ndege iliyouzwa kama bidhaa chakavu ya jeshi. Ndani yake mlikuwamo dawa ya kulinda vyuma, na dawa hiyo ilishambulia mishipa ya fahamu. Watu wapatao 10,000 walipooza viungo. Walichofanya wao ni kununua mafuta sokoni na kupika.

Tufanyeje sisi?

Kwanza, kwa mafundi wetu wa gereji, wa bodaboda, wa trekta, na wale wanaohudumia makarasha ya wachimbaji wa dhahabu. Ninyi ndio wasokotaji wa Lancashire wa leo. Msiweke tambara lililoloa oili katika mfuko wa suruali. Vaeni glovu, hata zile nyepesi. Mkimaliza kazi nawieni sabuni. Msinawe kwa petroli, maana petroli huiondolea ngozi mafuta yake ya asili na kuipenyeza sumu kirahisi zaidi. Suruali ya kazi ifuliwe, tena mbali na nguo za watoto. Mkiona kidonda au kiuvimbe kisichopona ngozini, nendeni hospitali mapema.

Pili, kwa akina mama. Mafuta ya mtoto yaliyo katika chupa yake halisi, yenye lakiri, hayana ubaya kwa ngozi. Nyuma ya chupa utakuta maneno ya Kilatini Paraffinum Liquidum. Ndilo jina la mafuta ya madini yaliyosafishwa. Usinunue yaliyomiminwa katika chupa ya maji, hata yawe meupe namna gani. Na chupa iwekwe juu, mtoto asiifikie. Mtoto akinywa mafuta hayo, au mafuta ya taa, usimtapishe. Hatari kubwa ni mafuta kuingia mapafuni, na kumtapisha huyapa njia. Mkimbize hospitali.

Tatu, kwa sisi sote. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Mto Katuma, unaobeba maji ya upande wetu, unaingia katika Hifadhi ya Katavi, ambako wakati wa kiangazi viboko hujazana katika madimbwi machache yaliyobaki, na maji hayo mwisho wake ni Ziwa Rukwa. Shirika la mazingira la Serikali ya Marekani hukadiria kwamba oili ya kubadilishia injini mara moja tu yaweza kuharibu maji safi kiasi cha mara milioni moja ya oili yenyewe. Fikiria basi pikipiki za mji mzima.

Oili hiyo haijafa. Imechafuka tu. Ikikusanywa yaweza kusafishwa upya kwa hatua zile zile nilizozieleza, na ikawa tena mafuta ya msingi. Yaweza pia kuchomwa katika tanuri kali za saruji badala ya kuni au makaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka taka za hatari zishughulikiwe kwa utaratibu, chini ya macho ya NEMC. Mimi ningependa kuona kila gereji ya Mpanda ikiwa na pipa moja lenye mfuniko, lililoandikwa "oili chafu", na Manispaa ikipanga siku ya kulikusanya pamoja na mkusanyaji mwenye kibali. Pipa si ghali. Fundi anaweza hata kupata chochote kwa oili anayoimwaga bure.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Chupa ile nyeupe ya dukani imeundwa kwa moto, kwa magunzi, kwa baridi na kwa gesi, na watu wakaipima mara kadhaa kabla ya kuiruhusu imguse mtoto. Oili ya gereji haijapitia hayo, na ile iliyokwisha kutumika ndiyo kabisa. Kila moja ibaki kwenye kazi yake.

Kwa leo naishia hapo. Nawatakia wiki njema.